Ireland ya Kaskazini ni ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila uchaguzi unapofanyika Belfast, au ghasia zinapozuka huko, maswali huwa ni yaleyale: kwa nini kisiwa kimoja kina serikali mbili, na kwa nini watu wanaofanana sura, wanaozungumza lugha moja na kusali kwa Kristo yuleyule waliuana kwa miaka 30? Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Mengine yanajibika kwa mistari michache, mengine hayaeleweki bila kurudi nyuma miaka 400. Ninapoandika Uingereza nina maana ya ule ufalme wote wenye makao makuu London, pamoja na Scotland na Wales. Nikitaka kuitaja England peke yake nitasema England.

Ireland ya Kaskazini ni nchi, mkoa au koloni?

Kisheria ni sehemu ya Uingereza yenye Bunge lake Stormont, nje kidogo ya katikati ya jiji la Belfast. Ina wakazi wapatao milioni 1.9 na kaunti sita: Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Londonderry na Tyrone.

Jina utakalolisikia linategemea unazungumza na nani. Wanaotaka kubaki Uingereza, yaani wanamuungano, wengi husema "Ulster". Wazalendo wa Kiairishi husema "Kaskazini" tu, au "kaunti sita", maana kwao kulitaja jina rasmi ni sawa na kuubariki mpaka. Wapo wanaoiita koloni la mwisho la Uingereza kisiwani Ireland. Mimi sikubaliani na neno hilo likisimama peke yake, kwa sababu linawafuta watu zaidi ya laki nane ambao si watumishi wa mkoloni waliokuja kwa zamu. Ni wenyeji, mababu zao wamezikwa hapo, nao wanajiita Waingereza kwa moyo mmoja.

Kilicho adimu ni kwamba Uingereza imeandika katika sheria zake kuwa eneo hili litaondoka siku ambayo wengi wa wakazi wake watapiga kura ya kuondoka. Scotland haina haki kama hiyo kwenye maandishi.

Waingereza hao walifikaje?

England ilianza kuivamia Ireland katika karne ya 12, lakini Ulster, jimbo la kaskazini, ndiyo iliyochelewa kutiishwa. Mwaka 1607 wakuu wa koo kubwa za Kigaeli wa Ulster walipanda meli wakakimbilia bara la Ulaya. Mfalme James wa Kwanza akatwaa ardhi yao, na kuanzia 1609 ikagawiwa walowezi kutoka England na Scotland, karibu wote Waprotestanti. Makampuni ya wafanyabiashara wa London yakapewa kazi ya kuujenga upya mji wa Derry, na mwaka 1613 mji ukabatizwa Londonderry. Wenyeji, Wakatoliki waliozungumza Kiairishi, wakabaki kuwa wapangaji na vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao, au wakasukumwa milimani kwenye udongo mwembamba.

Mwaka 1690, kwenye mto Boyne, mfalme Mprotestanti William wa Orange alimshinda James wa Pili, Mkatoliki. Ushindi huo husherehekewa kila tarehe 12 Julai hadi leo. Chama cha Orange, kilichoanzishwa 1795 katika kaunti ya Armagh, huandamana kwa ngoma na mikanda ya rangi ya chungwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo huwashwa mioto mikubwa ya mbao iliyopangwa kwenda juu kama mnara. Kwa anayeandamana, hiyo ni sikukuu ya babu zake. Kwa Mkatoliki ambaye gwaride linapita mlangoni pake, ni kukumbushwa nani alishinda.

Basi huu ni ugomvi wa dini?

Hapana, ingawa dini ndiyo alama rahisi ya kujua nani yuko wapi. Hakuna aliyeuawa Belfast kwa sababu ya ubishi juu ya ekaristi. Swali lilikuwa moja: wewe ni wa taifa gani, na serikali yako halali iko London au Dublin?

Historia yenyewe inakataa hesabu nyepesi ya Mkatoliki kwa Mwairishi na Mprotestanti kwa Mwingereza. Mwaka 1791 waliokutana Belfast kuanzisha chama cha Waairishi Walioungana, kilichotaka jamhuri huru ya watu wa dini zote, wengi wao walikuwa Wapresbiteri, yaani Waprotestanti. Mmoja wao, Henry Joy McCracken, alinyongwa hadharani Belfast baada ya uasi wa 1798. Charles Stewart Parnell, aliyewaongoza Waairishi kudai utawala wao wenyewe katika miaka ya 1880, alikuwa Mprotestanti mwenye mashamba. Naye Edward Carson, shujaa wa wanamuungano wa Ulster, alizaliwa Dublin.

Hata hivyo, kadiri karne ya 19 ilivyosonga, kambi mbili ziliganda. Sheria ya Muungano ilianza kazi Januari 1801 na Bunge la Dublin likafutwa. Belfast ikatajirika kwa kitani na viwanda vya meli vilivyofungamana na Glasgow na Liverpool, wakati huohuo njaa ya miaka ya 1840 ikiua watu wapatao milioni moja kisiwani na kuwafukuza wengine milioni moja. Mprotestanti wa Belfast aliuona Muungano kuwa ndio unaomlisha. Mkatoliki wa magharibi aliuona kuwa ndio uliomwacha afe.

Mpaka ulichorwaje, na kwa nini kaunti sita?

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1912 serikali ya London ilipeleka bungeni, kwa mara ya tatu, muswada wa kuipa Ireland utawala wa ndani. Wanamuungano wa Ulster waliona wataamriwa na Bunge la Dublin lenye Wakatoliki wengi. Tarehe 28 Septemba 1912 Carson alitangulia kutia saini hati ya kiapo katika ukumbi wa jiji la Belfast, na waliomfuata, wanaume kwa wanawake, walikuwa takribani 471,000. Mwaka uliofuata wakaunda jeshi lao la kujitolea, na Aprili 1914 wakaingiza maelfu ya bunduki kupitia bandari ya Larne. Upande wa pili nao wakaunda jeshi lao. Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyozuia Waairishi wasipigane wao kwa wao wakati huo.

Kisha mwaka 1916 ukachimba shimo ambalo halijafukiwa. Wiki ya Pasaka waasi wachache waliteka majengo ya Dublin na kutangaza jamhuri, na viongozi wao wakapigwa risasi na jeshi la Uingereza. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, kwenye mto Somme huko Ufaransa, kikosi cha 36 cha Ulster kilipoteza maelfu ya vijana ndani ya siku mbili. Kila upande ukapata mashahidi wake wa 1916, na kila upande ukaamini kwamba damu hiyo ilimlipia madai yake.

Katika uchaguzi wa 1918 Sinn Féin, chama cha wazalendo waliotaka jamhuri, ilipata viti 73 kati ya 105 vya Ireland. Kisiwa kizima kikihesabiwa kuwa taifa moja, jibu lilikuwa wazi. Lakini London ilikubali hoja kwamba kaskazini kuna watu wengine wenye haki ya kujiamulia, na Sheria ya Serikali ya Ireland ya 1920 ikakigawa kisiwa.

Sasa itazame hesabu. Jimbo la Ulster lina kaunti tisa, si sita. Katika tisa hizo Waprotestanti walizidi kwa tofauti ndogo, na vizazi viwili vya watoto wa Kikatoliki vingeweza kuiziba. Katika sita walikuwa takribani theluthi mbili. Ndiyo maana viongozi wa wanamuungano waliziachia Cavan, Monaghan na Donegal, pamoja na Waprotestanti wenzao wa huko waliotia saini kiapo kilekile cha 1912. Na kama kipimo kingekuwa matakwa ya kila kaunti, Fermanagh na Tyrone, zenye Wakatoliki wengi, zisingeingia. Mpaka haukufuata mto, mlima wala lugha. Ulifuata hesabu ya watu: chukua eneo kubwa kadiri inavyowezekana bila kupoteza wingi. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyezaliwa aliingia kwenye daftari la siasa kabla hajapewa jina.

Mkataba wa Desemba 1921, ulioipa Ireland ya kusini serikali yake Dublin, uliahidi tume ya kuupitia upya mpaka. Tume ilikaa, gazeti moja la London likavujisha mapendekezo yake Novemba 1925, na serikali zote zikaamua kuyafungia kabatini. Mstari ukabaki ulivyo, karibu kilomita 500, ukikata mashamba na vijiji. Barabara kutoka Clones kwenda mji wa Cavan huuvuka mpaka mara nne ndani ya kilomita chache.

Wakatoliki walionyimwa haki walinyimwa nini hasa?

Nyumba, ajira na uzito wa kura. Kwenye serikali za mitaa, kura ilifungamana na nyumba: mwenye nyumba au mpangaji mkuu alipiga kura pamoja na mwenza wake, lakini watoto wazima waliokaa kwao hawakupiga, na wenye makampuni walipata kura za ziada. Kumpa Mkatoliki nyumba ya halmashauri kulikuwa kumpa kura mbili, kwa hiyo halmashauri zilifikiri mara mbili.

Derry ndio mfano mchungu kuliko yote. Wakatoliki walikuwa wengi mjini, lakini kata zilichorwa hivi: kata moja kubwa iliyorundikiwa Wakatoliki ilitoa madiwani 8 wazalendo, na kata mbili ndogo zikatoa madiwani 12 wanamuungano. Kwa hiyo mji wa Wakatoliki uliongozwa na baraza la Waprotestanti kwa nusu karne, bila hata kura moja kuibwa.

Juni 1968, katika kijiji cha Caledon, Tyrone, nyumba ya halmashauri alipewa msichana Mprotestanti wa miaka 19 ambaye hajaolewa, huku familia za Kikatoliki zenye watoto zikisubiri. Mbunge Austin Currie aliingia kwenye nyumba hiyo na kukaa humo mpaka polisi walipomtoa. Televisheni ilionyesha, na harakati za haki za kiraia zikapata moto. Waandamanaji wakati huo hawakudai kuungana na Dublin. Walidai kutendewa kama raia wa Uingereza walivyotendewa Manchester au Cardiff. Hilo linasahaulika mno. Tarehe 5 Oktoba 1968 polisi waliwapiga virungu mjini Derry mbele ya kamera, na wengi wakaanza kujiuliza kama dola hii inaweza kurekebishwa hata kidogo.

Vita vyenyewe viliendaje, na ni kweli Kenya inatajwa humo?

Agosti 1969 wanajeshi wa Uingereza waliingia mitaani Derry na Belfast. Wakatoliki wengi waliwapokea kwa chai, wakidhani wamekuja kuwalinda. Haikuchukua muda. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1971 watu 342 walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, wote kutoka upande wa wazalendo, ingawa wanamgambo wa Kiprotestanti nao walikuwa wakiua. Tarehe 30 Januari 1972, Jumapili ya Damu, wanajeshi wa miavuli waliwapiga risasi waandamanaji Derry. 13 walikufa siku hiyo na mwingine baadaye. Serikali ilichukua miaka 38 kukiri. Juni 2010, baada ya uchunguzi wa Jaji Saville, Waziri Mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni na kusema mauaji yale hayakuwa na uhalali wowote.

Kuhusu Kenya, ndiyo. Frank Kitson, ofisa aliyepigana na Mau Mau katika miaka ya 1950 na kubuni vikosi vya siri vilivyojumuisha wapiganaji waliogeuzwa, ndiye aliyeongoza brigedi ya Belfast kuanzia 1970 hadi 1972. Kizuizi bila kesi, vikosi vya kificho na fikra kwamba raia ni uwanja wa vita vilikwisha kujaribiwa Nyeri na Murang'a. Mkenya anayesoma habari za Belfast ya 1971 atayatambua mengi.

Stormont ilisimamishwa Machi 1972 na London ikatawala moja kwa moja. Mwaka huo peke yake karibu watu 500 waliuawa. Hadi 1998 jumla ilipita 3,500. IRA, jeshi la siri lililopigania Ireland moja, na makundi mengine ya upande wa wazalendo yaliua karibu asilimia 60 ya hao, wanamgambo watiifu kwa Taji, yaani ufalme wa Uingereza, karibu asilimia 30, na vyombo vya dola asilimia 10. Anayetaka kumpenda shujaa wa upande mmoja azisome tarakimu hizo polepole. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa raia wa kawaida, waliokuwa baa, dukani, kazini au vitandani mwao.

Nimesikia aliyefichua ukatili wa Kongo alikuwa Mwairishi. Anahusika na habari hii?

Anahusika sana. Roger Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, akakulia kwa jamaa zake Waprotestanti wa Antrim na kusoma Ballymena, katikati ya ngome ya wanamuungano. Mwaka 1903, akiwa balozi mdogo wa Uingereza Kongo, alipanda mto na kuandika alichokiona: vijiji vitupu, watu waliokatwa mikono, wanawake walioshikwa mateka ili waume zao walete utomvu wa mpira. Ripoti yake ilichapishwa 1904, na ndiyo iliyochangia Mfalme Leopold wa Ubelgiji kunyang'anywa Kongo mwaka 1908. Uingereza ikamtunuku cheo cha heshima mwaka 1911.

Lakini kule mtoni alianza kuiona Ireland kwa macho mengine. Mwaka 1913 alihutubia Waprotestanti wenzake huko Ballymoney, kaunti ya Antrim, akiwasihi wasimfuate Carson. Vita vilipoanza alikwenda Ujerumani kutafuta silaha, Aprili 1916 akateremka kwenye ufuko wa Banna huko Kerry, akakamatwa, akavuliwa cheo na kunyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Alitaka azikwe ghuba ya Murlough, Antrim. Mwaka 1965 Uingereza iliyarudisha mabaki yake kwa sharti moja: yasipelekwe Ireland ya Kaskazini. Amezikwa Dublin. Mprotestanti wa Ulster, mtumishi wa Taji, shahidi wa Wakongo na mzalendo wa Ireland, wote katika mwili mmoja; na hata mifupa yake ilihesabiwa kuwa hatari kwa mpaka.

Makubaliano ya Ijumaa Kuu yalibadilisha nini?

Makubaliano hayo ya amani yalitiwa saini Belfast tarehe 10 Aprili 1998, chini ya uenyekiti wa George Mitchell, aliyekuwa seneta wa Marekani. Tarehe 22 Mei wananchi waliyapigia kura pande zote mbili: asilimia 71.1 waliyakubali Kaskazini, na asilimia 94.4 katika Jamhuri ya Ireland, yaani kusini. John Hume, kiongozi wa wazalendo, na David Trimble, kiongozi wa wanamuungano, walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka huo.

Watu husifia usitishaji wa vita na ugawanaji wa madaraka, na ni haki. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni jingine. Kabla ya 1998, swali la ardhi ni ya nani na swali la mimi ni nani yalikuwa swali moja. Ukishindwa la kwanza, umeshindwa na la pili. Makubaliano yaliyatenganisha. Kila mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini ana haki ya kujitambua na kukubaliwa kuwa Mwairishi, Mwingereza, au vyote viwili, na haki hiyo itabaki vilevile hata ardhi ikihamia Dublin. Bibi wa mtaa wa Shankill, ambaye bendera ya Uingereza inapepea dirishani kwake, atabaki Mwingereza kisheria hata siku Stormont ikiwa chini ya Jamhuri.

Kwa upande wake, Dublin iliziandika upya ibara za 2 na 3 za katiba yake ya 1937, zilizokuwa zikidai kisiwa kizima. Sasa zinaonyesha tumaini la kuungana kwa ridhaa ya walio wengi pande zote mbili. London nayo iliifuta Sheria ya 1920.

Serikali ya Stormont ina Waziri Kiongozi na naibu wake, mmoja kutoka kila kambi, wenye mamlaka sawa kabisa. Mmoja akijiuzulu, mwingine naye anatoka. Kila mbunge hujiandikisha kuwa Mwanamuungano, Mzalendo au Mwingine. Mfumo huu ulizuia kambi moja kuimeza nyingine, lakini pia umeipa kila kambi kufuli la kufungia mlango. Serikali ilikwama 2002 hadi 2007, 2017 hadi 2020, na 2022 hadi 2024. Hospitali na walimu ndio waliolipia.

Je, mtu anaweza kuwa na pasipoti zote mbili?

Ndiyo, na wengi wanazo. Kasoro iko kwenye sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, ambayo bado inamhesabu mtoto anayezaliwa huko kuwa Mwingereza moja kwa moja endapo mzazi mmoja ni raia wa Uingereza au Ireland. Raia mmoja aliyejitambua kuwa Mwairishi tu aliambiwa na serikali aukane kwanza uraia wa Uingereza, ambao hakuwahi kuuomba, ndipo atumie haki zake za Kiairishi kumwombea mumewe ukaazi. Mahakama iliipa serikali ushindi mwaka 2019. Mei 2020 kanuni za uhamiaji zikalegezwa, lakini sheria ya uraia haikuguswa.

Niseme Derry au Londonderry?

Wazalendo husema Derry, wanamuungano wengi husema Londonderry, na kwenye mabango ya barabarani mara nyingi utakuta silabi za "London" zimefutwa kwa rangi. Mgeni hatalaumiwa. Utakuta tofauti ndogo kama hizi kila mahali: herufi H, Waprotestanti wengi huitamka "eich" na Wakatoliki wengi "heich", na wenyeji huisikia mara moja.

Siku hizi watu wenyewe wanajiitaje?

Sensa ya 2021 iliutikisa msingi wa mwaka 1920. Kwa mara ya kwanza tangu mpaka uchorwe, Wakatoliki na waliolelewa katika Ukatoliki (asilimia 45.7) waliwazidi Waprotestanti na waliolelewa huko (asilimia 43.5). Waliojiita Waingereza tu walikuwa asilimia 31.9, Waairishi tu asilimia 29.1, na watu wa Ireland ya Kaskazini tu asilimia 19.8. Hakuna kambi yenye nusu.

Usikimbilie kusema Mkatoliki mmoja ni kura moja ya Dublin. Kuna Wakatoliki wanaoridhika na huduma ya afya ya Uingereza na hawataki kuhatarisha mishahara yao, na kuna vijana wa Kiprotestanti waliochoka na bendera zote mbili. Chama cha Alliance, kisichojifungamanisha na kambi yoyote, kilipata viti 17 kati ya 90 mwaka 2022. Hao wa katikati ndio watakaoamua.

Hata hivyo shule bado zimegawanyika. Watoto walio wengi husoma na wa dini yao, na mitaani Belfast zimebaki kuta ndefu za matofali na chuma zinazoitwa kuta za amani, baadhi zikiwa na mageti yanayofungwa usiku. Nyingi zilijengwa au kurefushwa baada ya vita kupungua, na mara nyingi wakazi wenyewe ndio walioziomba.

Brexit ilivuruga nini?

Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, iligusa palepale Makubaliano ya 1998 yalipopatuliza. Nchi zote mbili zikiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, mpaka ulikuwa haupo machoni: unajua umevuka kwa kuona vibao vya mwendo vimetoka maili na kuingia kilomita. Mzalendo aliweza kuishi kana kwamba kisiwa ni kimoja, na mwanamuungano kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mwaka 2016 asilimia 55.8 ya wapiga kura wa Ireland ya Kaskazini walitaka kubaki Ulaya, lakini ufalme mzima ukaamua kutoka. Ukaguzi wa forodha lazima uwe mahali. Ukiwekwa nchi kavu, unawatenga Waairishi. Ukiwekwa baharini, unawatenga Waingereza wa Belfast na Waingereza wa Liverpool. Ukawekwa baharini, kuanzia Januari 2021. Chama kikuu cha wanamuungano, DUP, ambacho kilikuwa kimeipigia debe Brexit, kiliitoa serikali madarakani Februari 2022 kwa hasira. Mkataba wa Windsor wa Februari 2023 ulipunguza ukaguzi, na tarehe 3 Februari 2024 serikali ikarudi, Michelle O'Neill wa Sinn Féin akawa mzalendo wa kwanza kushika uwaziri kiongozi, katika jengo lililojengwa kuhakikisha hilo halitokei.

Kura ya kuungana na Dublin itapigwa lini?

Tarehe haijapangwa. Sheria ya 1998 inamlazimu waziri wa London anayehusika na eneo hili kuitisha kura pale anapoona yaelekea wengi watachagua kuungana. Namna ya kupima "yaelekea" haikuandikwa, na huo ni udhaifu ambao ungepaswa kurekebishwa kabla ya siku yenyewe. Kura ikishindwa, haiwezi kurudiwa kabla ya miaka saba. Jamhuri nayo lazima ikubali kwa kura yake. Viongozi wa Umoja wa Ulaya walithibitisha mwaka 2017 kwamba Kaskazini ikiungana na Jamhuri itaingia Ulaya moja kwa moja.

Kura ya aina hii ilipigwa mara moja tu, tarehe 8 Machi 1973. Wazalendo waliisusia, na asilimia 98.9 ya waliopiga walichagua Uingereza. Haikumaliza lolote. Kura ijayo ikipita kwa asilimia 50 na kura moja itakuwa halali kabisa, na mimi naamini lazima iheshimiwe. Ila Dublin inapaswa kuanza sasa kuwaonyesha wanamuungano watakaa wapi ndani ya nyumba hiyo: bendera yao, sikukuu ya Julai, hospitali zao, na pasipoti zao za Uingereza.

Nina viza ya Uingereza. Naweza kuvuka tu kwenda Dublin?

Hapana, hata kama hutaona geti wala askari njiani. Uhuru wa kuvuka bila masharti, uliopo tangu miaka ya 1920, ni wa raia wa Uingereza na Ireland. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Ireland kwa Jamhuri na ya Uingereza kwa Belfast, na maofisa wa uhamiaji hupanda mabasi na treni za kati ya miji hiyo miwili kukagua hati. Ukitua Dublin ili uende Belfast, utahitaji viza zote mbili, hivyo anza maombi mapema na ubebe pasipoti hata kama ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.